Kondensa haivuti kelele za jirani: maiki ya bei nafuu kwa gitaa la akustika nyumbani

Kuna ushauri mmoja unazunguka kila mahali watu wanapoongelea kurekodi nyumbani, na nimeukuta tena, mtu kapewa kwa kujiamini kabisa: "Chumba chako kina kelele? Usinunue kondensa, kondensa inavuta kila kitu mpaka mbwa wa jirani, chukua dainamiki, yenyewe inasikia kilicho mbele yake tu." (Ni aina mbili za maiki: dainamiki inatumia koili na sumaku, kondensa inahitaji kupewa umeme ili ifanye kazi.) Aliyeuliza anapiga gitaa la akustika kwa vidole, taratibu, na intafesi yake, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, ni ya zile ndogo kabisa. Ananunua dainamiki, anarudi analalamika sauti haitoshi, kuna shiii nyuma, na kelele za chumba ziko palepale. Halafu anaambiwa maiki aliyouziwa itakuwa feki.

Hapana jamani. Maiki haina mikono, haivuti kitu. Kiwambo chake, ule utando mwembamba wa ndani, kinasukumwa na hewa iliyofika pale kilipo, basi. Hiyo hewa imebeba gitaa, feni na pikipiki inayopita nje kwa uwiano fulani, na uwiano huo ndo utakaorekodi, maiki iwe ya aina gani, ilimradi zimekaa sehemu moja na zina muundo mmoja wa kusikia, yaani zinasikia pande zilezile.

Tuchukue mbili ambazo wengi wanazijua. Shure SM57, dainamiki, iko sokoni tangu 1965. Audio-Technica AT2020, kondensa ya bei ya chini. Zote kadioidi, yaani zinasikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, SM57 inatoa kama milivolti 1.6 kwa paskali moja ya sauti (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa), AT2020 inatoa kama 14. Tofauti ni desibeli 19 hivi. Sasa hiyo namba ndo watu wanaishika na kusema unaona, kondensa ina usikivu mkubwa, inasikia mbali. Namba hiyo inakwambia tu umeme unaotoka kwenye kebo ni mwingi kiasi gani kwa sauti ileile. Gitaa linatoka juu zaidi kwa desibeli 19, na feni nayo inatoka juu zaidi kwa desibeli 19 hizohizo. Ukipandisha gein ya SM57, yaani ukuzaji wa sauti kwenye intafesi, mpaka gitaa lilingane, feni imeshapanda pamoja nalo.

Kinachobadilisha uwiano ni vitu viwili tu, umbali na muundo wa kusikia. Ukitoka sentimita 60 ukaja 30, gitaa linapanda desibeli 6 hivi wakati mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile, hapo umepata kitu ambacho huwezi kukinunua dukani. Na muundo: kadioidi inakupa nafasi ya kukaa mbali mara 1.7 kuliko omni, ile inayosikia pande zote sawa, kwa kiasi kilekile cha chumba, yaani omni ikiwa sentimita 20, kadioidi unaiweka 34. Haya mambo yote mawili hayajali ndani kuna koili na sumaku au kuna kondensa.

Kama huamini, jaribu mwenyewe. Azima maiki ya pili, weka vichwa vya maiki zote mbili vikiwa bega kwa bega, sentimita 25 kutoka freti ya 12, rekodi zote kwa pamoja treki mbili, upigaji mmoja. Ukimaliza, usisikilize chochote kwanza, linganisha ukubwa wa gitaa kwenye treki zote mbili, hii hatua ndo wote wanaoleta ubishi wanairuka. Afu sikiliza pale ulipokaa kimya kati ya mistari. Feni ipo huku na ipo kule. Rangi yake itakuwa tofauti kidogo, nakuja huko, ila ipo.

Sasa imani hii imetoka wapi mpaka ikawa ngumu kufa? Nadhani ni kwa sababu ya namna tunavyozitumia. Dainamiki tumezoea kuiona jukwaani midomo ikigusa wavu, sentimita mbili tatu, na kwa umbali huo hata kondensa isingesikia chumba. Kondensa tunaiona studio imetengwa sentimita 30 na mwimbaji kavaa hedifoni zilizopandishwa sauti, kila kiti kinacholia kinasikika. Mtu analinganisha sentimita 3 na sentimita 30 halafu anasema tofauti ni maiki!

Hapa lazima niwe mkweli, kuna kaukweli kadogo. SM57 inashuka chini ya hezi 200 ukiwa hujaisogelea (hezi ndogo ni sauti nzito, hezi nyingi ni sauti nyembamba), na juu inaishia kilohezi 15 hivi, kwa hiyo muungurumo wa magari na ile hewa ya juu kabisa ya chumba vinapungua masikioni. Chumba kinasikika kimetulia zaidi. Lakini umepunguza pia besi ya gitaa na ule mng'ao wa nyuzi, na kitu hichohicho unakipata kwenye kondensa kwa kukata chini ya hezi 70 kwenye programu yako ya kurekodi, maana nyuzi nene ya E iko hezi 82, chini ya hapo gitaa la kawaida halina noti yoyote. Na kuna siku, nakiri, nimesikiliza dainamiki chumbani ikanipendeza kuliko hesabu zinavyotaka. Michoro ya kadioidi kwenye makaratasi inatolewa kwa masafa machache tu na imelainishwa, pembeni na nyuma maiki hazifanani kama michoro inavyodai. Kwa hiyo sisemi tofauti ni sifuri. Nasema si ile watu wanayoiuza.

Kelele ya ndani sasa, ile shiii. Hapa ndo mtu wa gitaa la vidole anaumizwa kweli na ule ushauri, ila hata hapa watu wanapitiliza upande wa pili na kusema dainamiki ina shiii. Dainamiki yenyewe haina saketi ya kutoa shiii ya maana, shiii inatoka kwenye priampu ya intafesi, ile saketi inayokuza umeme wa maiki. Piga hesabu: paskali moja ni desibeli 94 za sauti, SM57 inatoa milivolti 1.6 hapo, na priampu nzuri ya leo ina kelele ya dBu -128 hivi (dBu ni kipimo cha umeme, ikishuka zaidi chini ya sifuri ndo kelele inapungua). Ukizigeuza kuwa sauti, ni kama mbele ya maiki kuna kelele ya desibeli 20. AT2020 je, kelele yake ya ndani imeandikwa ngapi? Desibeli 20. Sare! Lakini ukiwa na priampu ya zamani au ya hovyo yenye -120, dainamiki inaruka hadi 28 wakati kondensa, kwa vile inatoa umeme mwingi, karibu haijashtuka. Na nyingi za hizo intafesi ndogo gein inaisha kabla hujafika, gitaa la vidole kwa SM57 linataka desibeli 60 hivi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "maiki gani", angalia intafesi yako ina gein kiasi gani na kelele ya priampu imeandikwa ngapi. Kama hawajaandika kabisa, chukulia mabaya.

Kwa anayepiga kwa piki, mapigo mazito, hii yote haimsumbui, gitaa lake ni kubwa, SM57 inatosha na kubaki. Kama unayo tayari usiiuze, isogeze tu karibu na uzipandishe kidogo sauti zake za juu.

Kwa anayepiga kwa vidole: kondensa. Sasa ipi? Yenye kiwambo kikubwa, au ndogo, zile za umbo la kalamu? Kubwa zina kelele ndogo zaidi kwa kawaida, Rode NT1-A imeandikwa desibeli 5, wakati ndogo za bei nafuu kama Rode M5 ni 19. Kwenye karatasi hiyo ni tofauti kubwa. Chumbani kwako sasa, hata usiku, pengine kuna desibeli 30 za kelele ya kawaida, kwa hiyo utasema 19 inazama humo. Inazama nusu tu, kwa sababu kelele ya chumba imejaa chini na shiii ya maiki imesambaa mpaka juu, sikio linaitofautisha. Namba moja haiwezi kukwambia hilo. Mimi 20 naivumilia kwa mtu anayepiga kawaida, kwa mtu anayepiga kama anabembeleza mtoto naona heri akatafute chini ya 10.

Ila kelele si kila kitu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo inayoharibu rekodi nyingi za gitaa ninazotumiwa. Kondensa kubwa nyingi za bei nafuu zinatumia kapsuli (kile kipande chenye kiwambo) iliyonakiliwa kutoka ile ya Neumann U67 ya mwaka 1960. Kapsuli ile kwa asili yake inapanda sana juu, na wenyewe walijua, wakaweka saketi ndani ya maiki ya kuishusha ikalingana. Wanaonakili kwa bei ya chini wananakili kapsuli, wanaweka saketi rahisi isiyoshusha chochote. Matokeo yake ni kilima pale kuanzia kilohezi 8 mpaka 12. Kwa sauti ya mtu mwenye sauti nzito kinaweza kusikika kama "uwazi", watu wanafurahi. Kwa gitaa lenye nyuzi mpya za chuma ni balaa, kila kidole kinachoteleza kwenye nyuzi kinakwaruza sikio, mtu anadhani anapiga vibaya. Hapigi vibaya. Si kubwa zote ziko hivyo, lakini kabla hujanunua tafuta mchoro wake wa masafa, ukiona kilima cha desibeli 5 au 6 huko juu, kwa gitaa achana nayo, au nunua ukijua utakishusha kila mara. Ndogo za kalamu mara nyingi zimenyooka zaidi, na sauti inayoingia kwa pembeni haibadiliki rangi sana, ambalo kwa gitaa ni jambo la maana kwa sababu gitaa ni pana, linatoa sauti kutoka ubao mzima na si tunduni tu. Ndo maana nikiulizwa moja tu, kwa gitaa, nyumbani, pesa kidogo: ndogo ya kalamu, kadioidi, yenye XLR (plagi ya pini tatu) na inayotumia fantomu ya volti 48, umeme ambao intafesi inaupeleka kwenye maiki kupitia kebo.

Zile za kifurushi zenye mkono wa stendi, sponji na kebo ya kuchomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, nyingi ukizifungua ndani ya bomba kubwa kuna kapsuli ndogo kama kifungo cha shati. Hizo ndo elektreti, kondensa ambazo chaji ya umeme imefungiwa ndani tayari. Elektreti si tusi, wahandisi Sessler na West waliibuni Bell Labs mwaka 1962 na maiki nzuri kibao zinaitumia, shida ni kudanganywa na umbo. USB: sawa kwa kuanzia, ila siku ukitaka ya pili utahangaika.

Kitu kingine, kondensa kubwa karibu zote zinasikia kwa ubavu, mara nyingi upande wenye nembo, si kwa kichwani. Naona picha watu wameielekeza kichwa kwenye gitaa kama tochi, halafu wanasema maiki ni ya hovyo.

Mahali pa kuiweka: si mbele ya tundu. Hewa ndani ya boksi la gitaa inavuma yenyewe karibu na hezi 100, na tunduni ndo inapotokea, ukichanganya na kadioidi inayoongeza besi ikisogezwa karibu unapata bum bum ambayo hakuna ikwalaiza itaitoa bila kuua gitaa. Anza freti ya 12, sentimita 20 mpaka 30, kichwa kikiangalia pale shingo inapoungana na boksi. Vaa hedifoni, mwambie mwenzako asogeze maiki polepole wakati unapiga, usikie ile bum inavyoingia na kutoka ndani ya sentimita tano tu. Kwa magitaa madogo na ya nyuzi za nailoni, freti ya 12 mara nyingine inanipa sauti nyembamba, nahamia nyuma ya daraja upande wa boksi. Kwanini hili gitaa linataka huku na lile kule sijawahi kupata maelezo yanayoniridhisha, nasikiliza tu. Na ukishapata, tulia kwenye kiti! Kutoka sentimita 20 kwenda 25 ni karibu desibeli 2, msikilizaji atasikia gitaa linapumua.

Maiki mbili? Kwa kuanzia moja. Habari ya jozi iliyolinganishwa kiwandani, kwa bei hizi, sidhani utaisikia juu ya tofauti ya namna ulivyoziweka.

Na feni ile? Kadioidi ina upande mmoja ambao ni kiziwi kweli, nyuma yake kabisa, digrii 180. Kaa wewe na gitaa ili mgongo wa maiki uangalie feni au dirisha, nyuma yako wewe tundika blanketi zito au fungua kabati lenye nguo, maana kelele ikigonga ukuta ulio nyuma yako inarudi ikiingia kwa mbele. Hili linasaidia zaidi sauti za kati na za juu, muungurumo wa chini unatoka kila upande na kadioidi za bei hizi huko chini hazina uziwi mkubwa. Kwa hiyo feni izime dakika tatu za wimbo, na friji kama inasikika ichomoe, ila acha funguo zako juu yake ili usisahau kuichomeka tena.