Munakata Shikō kabla ya umaarufu

Munakata Shikō, msanii wa Kijapani wa picha za chapa za mbao, alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Aomori, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, akiwa mtoto wa mhunzi mwenye familia kubwa, na masomo yake yaliishia shule ya msingi. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni. Akiwa kijana mwenye kazi ndogo mahakamani, alionyeshwa picha ya alizeti za mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh iliyochapishwa katika jarida la fasihi na sanaa la Shirakaba, akatangaza kwamba yeye ndiye atakayekuwa Van Gogh wa Japani.

Mwaka 1924 alihamia Tokyo kuchora kwa rangi za mafuta, lakini maonyesho ya serikali yaliikataa kazi yake mara kadhaa hadi 1928. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaanza kuhama. Mwaka 1926 aliiona picha ya chapa ya mbao, yaani iliyochongwa ubaoni kisha ikapigwa chapa kwenye karatasi, ya msanii Kawakami Sumio, yenye mwanamke anayesukumwa na upepo wa mwanzo wa kiangazi, akatambua kwamba Van Gogh mwenyewe alizistahi mno picha za chapa za Kijapani. Kwa nini basi Mjapani ahangaike na rangi za wageni?

Wengi humwita msanii aliyejifundisha mwenyewe. Nakubali, kwa kiasi: msanii wa chapa Hiratsuka Un'ichi ndiye aliyemwelekeza misingi ya kuchonga. Alichokikosa ni uanagenzi wa kale. Katika enzi ya Edo (1603–1868) picha moja ilipita kwa mchoraji, mchongaji na mchapaji, wote chini ya mfanyabiashara aliyegharimia kazi, na mchongaji alisota miaka mingi kabla ya kukabidhiwa uso wa mtu. Wasanii wa sosaku hanga, yaani "chapa za ubunifu", mkondo ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20, walishikilia kwamba mtu mmoja achore, achonge na achape. Bila mkondo huo sidhani kama mtoto wa mhunzi angepata pa kuingilia.

Macho yale mabovu nayo yaliathiri mtindo wake: aliinamisha uso hadi ukaribie kugusa ubao, akachonga kwa kasi, na mistari yake ikabaki na ukali ambao mafundi wa zamani wangeusawazisha.

Mwaka 1936 alionyesha mfululizo wa *Yamato shi uruwashi*, uliochanganya maandishi ya shairi na picha. Yanagi Sōetsu, mwanafalsafa wa sanaa za jadi, aliununua kwa ajili ya makumbusho yake mapya ya Tokyo, kisha mfinyanzi Kawai Kanjirō akamkaribisha Kyoto na kumfungulia maandiko ya Kibuddha. Matunda yake yalionekana mwaka 1939 katika picha za wanafunzi kumi wa Buddha na mabodhisatva wawili (watakatifu wa Kibuddha wanaosaidia wengine kufikia mwangaza), ambazo kwangu ndizo kazi zake bora kuliko zote. Mbao za mabodhisatva ziliteketea vitani, akazichonga upya mwaka 1948. Na picha hizo zilikuwa miongoni mwa kazi zilizompa tuzo katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya São Paulo mwaka 1955 na ya Venice mwaka 1956.