"Dawa si ipo? Utafiti wa nini?"

Juzi tena, kikaoni, mheshimiwa mmoja kafunga kabrasha lake akasema: "Daktari, kifafa cha mimba dawa yake ipo, tena rahisi. Hizo fedha za utafiti si mnunulie dawa?" Vichwa vikatikisika kukubali. Mimi nikanywa maji.

Ipo, ndiyo. Lakini ilifikaje wodini? Miaka nenda rudi Wamarekani walichoma sindano za magnesiamu salfeti, huku madaktari wengi wa Uingereza wakishikilia dawa nyingine za degedege, diazepamu na fenitoini. Kila upande ulikuwa na maprofesa wake. Ubishi ulikatwa mwaka 1995 na jaribio la wanawake 1,687 waliokwisha kupata degedege: magnesiamu ikashinda. Mwaka 2002 likaja jaribio liitwalo Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba (pre-eklampsia, inayotangulia kifafa) katika nchi 33, na magnesiamu ikapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Inazuiaje? Nadharia tele, hakika hatuna.

Kinachoniudhi ni hiki: dawa kuwa rahisi ndiko kunakoikosesha mfadhili. Magnesiamu haina mwenyewe. Aspirini haina, kalsiamu haina. Kampuni gani itamwaga mabilioni kupima kidonge ambacho kesho kiwanda cha jirani kinakifyatua? Na dawa mpya zikija, mjamzito ndiye wa kwanza kuondolewa kwenye majaribio, kila mtu anaogopa kesi. Hata dawa za presha tunazompa, metildopa na nifedipini, zilibuniwa kwa ajili ya wengine, yeye tumemwazimia. Tiba ya ugonjwa wenyewe bado ile ile: mtoto azaliwe, kondo litoke. Kwa hiyo usipolipa umma au mfuko wa hisani, halipi mtu.

Chukua kalsiamu, inayosaidia kuzuia presha hiyo ya mimba. Kwa wanaoipata kidogo kwenye chakula, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Yaani angalau vidonge vitatu vya miligramu 500, vikubwa kama kipande cha chaki, na visimezwe pamoja na vile vya kuongeza damu. Kwa wiki 20 za mwisho, hivyo vitatu kwa siku ni vidonge 420. Mama anarudi kliniki, unauliza, anacheka kwa aibu, anatoa mfuko mkobani: haujafunguliwa.

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya majaribio mawili, Dar es Salaam na Bangalore (India), wanawake 11,000 kila mahali, kwa fedha za mfuko wa Gates. Katika kuzuia presha ya mimba, miligramu 500 hazikuwa duni kuliko 1,500. Kidonge kimoja. Vidonge 140 badala ya 420, mheshimiwa! Hayo ndiyo manunuzi ya dawa unayoyataka, na utafiti ndio uliokupigia hesabu.

Ila sitaficha. Hapa kwetu Dar waliojifungua kabla ya siku walikuwa asilimia 10.4 kwa dozi ndogo na 9.7 kwa kubwa. Huenda ni bahati tu, lakini tofauti kubwa zaidi ambayo takwimu ziliiruhusu ilivuka mpaka uliowekwa tangu mwanzo ili dozi ndogo ihesabiwe si duni; India haikuvuka. Kwenye manunuzi ningepigia kura kidonge kimoja. Akikaa mbele yangu mama aliyewahi kuzaa njiti, mkono unasita.