Je, wajua kwa nini kazi ya kikundi huhamia WhatsApp ilhali chuo kina Moodle?

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania na Kenya, mhadhiri huweka kazi ya kikundi kwenye Moodle, mfumo wa mtandaoni wa kufundishia na kujifunzia, akafungulia kila kikundi jukwaa lake la majadiliano, na jukwaa hilo likabaki tupu hadi siku ya kuwasilisha. Si kwamba wanafunzi hawakujadiliana. Wamejadiliana usiku kucha kwenye grupu la WhatsApp, wakagawana maswali na kutumiana picha za kurasa za madaftari, kisha mmoja wao akaunganisha vipande vyote kwenye kompyuta yake na kuipakia kazi Moodle dakika chache kabla ya muda kwisha.

Kwa muda mrefu mwandishi wa makala haya aliamini kwamba sababu ni ugeni wa mfumo, na kwamba wanafunzi wakifundishwa vizuri watautumia. Imani hiyo imeenea, nayo ina mvuto, kwa kuwa kufundisha ni jambo ambalo chuo kinaweza kulifanya mara moja kikalimaliza. Hata hivyo, haipatani na yanayoonekana. Mwanafunzi huyohuyo asiyeandika neno kwenye jukwaa la Moodle hupakua noti humo, hufanya majaribio humo na kuwasilisha kazi humo bila kumuuliza mtu. Anaujua mfumo, kinachokosekana ni sababu ya kuzungumzia humo.

Utafiti ulikwishaonyesha dalili za jambo hili kabla Moodle haijatoka mwaka 2002. Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis wa Marekani alitenganisha mambo mawili: jinsi mtu anavyoona chombo kitamfaa katika kazi yake, na jinsi anavyoona kilivyo rahisi kukitumia. Kwa watu 152 aliowachunguza, manufaa yalifungamana na matumizi kwa nguvu zaidi kuliko urahisi. Katika kundi la kwanza kipimo cha uhusiano, ambacho kikikaribia 1 uhusiano ni wa nguvu, kilikuwa 0.63 kwa manufaa na 0.45 kwa urahisi. Katika la pili, 0.85 na 0.59. Matokeo hayo yapokewe kwa uangalifu, kwa sababu matumizi yalipimwa kwa maelezo na makadirio ya watu wenyewe, na waliohojiwa walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM mjini Toronto na wanafunzi wa uzamili mjini Boston. Isitoshe, vyombo vilivyochunguzwa, isipokuwa barua pepe, vilikuwa vya mtu mmoja mmoja, kama vile vya kuhariri faili na kuchora grafu.

Chombo cha kufanyia kazi pamoja kina tabia ya pekee: manufaa yake hayamo ndani yake, yamo kwa wenzako. Fikiria upatu wa watu kumi, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa wiki, na mwenye zamu akipokea 100,000. Watatu wasipotoa, mwenye zamu atapokea 70,000, hata kama daftari la mweka hazina limepangwa vizuri namna gani na kila mwanachama anajua kulisoma. Wa nne akiona hivyo naye husita, kwa kuwa kilichomvuta tangu mwanzo ni uhakika kwamba wengine watatoa. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayeandika hoja yake Moodle saa mbili usiku anahitaji mwenzake aione usiku huohuo. Akiamka bila jibu, hoja inayofuata ataiandika mahali ambapo watu wapo. Hakuna kikao kilichoikataa Moodle. Kila mmoja amemfuata mwenzake. WhatsApp ina faida ya kuwa upatu ambao wote wamekwisha kuutolea, kwa kuwa ujumbe wa kikundi huingia kando ya ujumbe wa mama na wa marafiki, kwenye simu ambayo tayari ina bando.

Kuna pia suala la nani anabeba mzigo. Mwaka 1988 mtafiti Jonathan Grudin alieleza kwamba programu za kazi ya pamoja huanguka pale wanaoongezewa kazi wanapokuwa tofauti na wanaopata faida. Hati ya pamoja ya Google Docs, ambayo watu wengi huweza kuihariri mtandaoni kwa wakati mmoja, humpunguzia mzigo kiongozi wa kikundi, ambaye vinginevyo angekesha akiunganisha aya za watu saba. Wale saba, ambao walizoea kutuma aya moja kwa simu na kumaliza, sasa wanatakiwa kuingia kwenye akaunti, kufungua hati na kuhariri kwenye kioo kidogo. Kwao hilo ni nyongeza tu, na semina ya matumizi haiwezi kuiondoa.

Hali hugeuka mhadhiri anapotangaza kwamba atakagua historia ya mabadiliko ya hati na kutoa alama kwa mchango wa kila mtu. Hugeuka pia bila amri, hasa kwenye ripoti ndefu za mwaka wa mwisho. Grupu hujaa mafaili yenye majina yanayofanana, watu wawili wakasahihisha sura ileile katika nakala tofauti, na hakuna anayejua ipi ndiyo ya mwisho. Hapo hasara huwa ya wote, na hati ya pamoja huanza kumfaa kila mmoja. Kikundi huhamia humo chenyewe, na kiungo cha hati hutumwa kwenye grupu lilelile la WhatsApp.