Msikiti wa Kale na Maziara Yake: Yanayosemwa Mumias na Ukweli Wenyewe

"Uislamu wa huku magharibi ni wa juzi, hakuna cha kuhifadhi."
Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, Mumias, mji wa magharibi mwa Kenya, ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu iliyokuwa ikielekea Uganda. Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, mwenyewe alisilimu. Misafara haikujenga maghorofa. Ilichoacha ni shanga za kioo, vigae vya vyungu na majivu ya mekoni, vitu ambavyo jembe moja linavifuta.

"Makaburi ya Waarabu yamejaa dhahabu."
Uongo huu ndio unaoleta watu na sururu usiku, na unaumiza kuliko yote. Maiti wa Kiislamu huzikwa kwa sanda tu: nguo tatu kwa mwanamume, tano kwa mwanamke. Mapambo huvuliwa kabla ya kuoshwa. Mwenye kufukua atakuta mifupa, na atakuwa amevunja heshima ya maiti bure.

"Wanaakiolojia wakija, watafukua wazee wetu."
Kazi inayofanywa pamoja na jamii huanza na kikao: imamu, kamati ya msikiti, familia zenye wafu wao pale, na akina mama wanaofagia maziara, ambao mara nyingi ndio wanaojua kila kaburi. Hapo mipaka ya kutochimbwa hukubaliwa na kuchorwa kwenye ramani. Kisha watu hutembea kwa mistari, mita 2 kati ya mtu na mtu, wakiandika kinachoonekana juu ya ardhi. Pengine kazi huishia hapo.

Likihitajika shimo, leseni ya serikali ni lazima. Shimo la majaribio huwa la mita 1 kwa 1, nje ya makaburi, likishushwa kwa mwiko wa mwashi sentimita 10 kila awamu, na udongo wote hupitishwa kwenye chekeche. Kaburi lisilo na alama hujionyesha mapema: udongo uliochanganyika, wenye rangi tofauti na wa kando, umbo la mstatili kutoka mashariki hadi magharibi. Kibla hapa ni karibu kaskazini, nyuzi 13 hivi kuelekea mashariki, na maiti hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki. Umbo hilo likitokea, kazi husimama na shimo hufukiwa.

"Tukipiga plasta ya saruji na kuweka vigae, tumehifadhi."
Ukuta wa udongo hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kwa kupumua. Saruji huyafungia ndani. Ukuta hulainika, na siku moja plasta hubanduka pamoja na udongo wa kale. Anza na mabati na gata zinazovuja. Nyufa zijazwe kwa udongo ule ule uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, tabaka jembamba baada ya jingine kukauka. Sakafu msiichimbe: kule Shanga, kisiwani Pate, misikiti iliyofuatana tangu karne ya 8 ilitambuliwa kwa sababu sakafu zilibaki moja juu ya nyingine.

"Serikali ikitangaza msikiti kuwa urithi, tutafungiwa."
Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na misikiti yake inasaliwa kila siku.

"Nimeokota, ni changu."
Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na Makumbusho ya Taifa hupewa taarifa ndani ya siku saba. Kikiwa bado ardhini, usikivute wala kukisugua. Kipige picha kando ya rula, kifunike udongo, weka alama, mwite imamu.