Kamba ya sungura haivuti

Mwonyeshe mtu video ya sungura anayeruka viunzi, nyuma yake mtu kashika kamba, na usishangae akisema mnyama analazimishwa. Hebu itazame vizuri ile kamba. Imelegea. Mwenye sungura anatembea nyuma, si mbele, na kamba imeshikizwa kwenye mkanda unaozunguka kifua na tumbo, si shingoni. Kazi yake ni kumzuia asitoroke. Kumnyanyua nayo ili avuke kiunzi ni kosa.

Tena sungura asiyetaka haruki. Atafika mbele ya kiunzi, akae kitako, aanze kunawa uso kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mgeni aliyeamka saa nne. Saa inakwenda, watu wanasubiri, mwenyewe hana habari.

Kuna wanaodhani mchezo huu umezaliwa na mitandao ya kijamii. Ulianza Sweden miaka ya 1970, kanuni zikaazimwa kwa farasi waruka viunzi, kisha zikarekebishwa zimfae sungura. Wenyewe wanauita kaninhoppning. Kanin ndiye sungura.

Eti ni vijiti vya kuchezea watoto? Mwaka 1997, nchini Denmark, sungura mmoja aliruka sentimita 99.5 kwenda juu. Meza yako ya chakula haifiki hapo. Miaka miwili baadaye, huko huko Denmark, sungura aitwaye Yabo aliruka umbali wa mita 3. Fito zenyewe huegeshwa tu: mguu ukigusa, ufito unaanguka.

Wala hahitajiki sungura wa ukoo maalumu. Chotara wa kawaida anaweza. Anayefaa ni mwepesi, mwenye miguu mirefu na udadisi. Wale majitu wazito waachwe wapumzike, viungo vyao havistahimili.

Karoti? Ina sukari nyingi kwake. Kipande kidogo cha kumpongeza, sawa, lakini chakula chake hasa ni nyasi kavu.

Dhana inayonikera zaidi iko mpaka kwetu: kwamba masikio ya sungura ni mpini. Miguu yake ya nyuma ina nguvu kubwa, mifupa yake ni myepesi, na akijirusha kwa hofu akiwa ananing'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo. Anayejua kumbeba hupitisha mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ukabeba makalio, kisha humkumbatia kifuani.