Mirmekofili: mdowezi katika nyumba ya sisimizi

Mirmekofili ni mdudu au kiumbe mwingine mdogo anayeishi na sisimizi na kuwategemea. Neno limetoka kwenye Kigiriki: "myrmex" ni sisimizi, "philos" ni mpenzi. Jina linampamba kupita kiasi, kwa sababu wengi wao ni wadowezi tu. Wengine hula masalio ya mawindo, wengine hula mayai na mabuu ya mwenyeji wao huyohuyo.

Si kila mdudu anayekutwa shimoni mwa sisimizi anastahili jina hili. Mbawakawa aliyetumbukia humo kwa bahati mbaya hahesabiki. Anayehesabika ni yule anayekutwa humo tena na tena, katika makoloni tofauti, na ambaye walau hatua moja ya maisha yake inawahitaji sisimizi.

Ndani kuna chakula, joto lisiloyumba sana, na walinzi wasiolipwa. Kazi ni kuingia. Sisimizi hamjui mwenzake kwa sura: humpapasa kwa vipapasio na kunusa hidrokaboni, yaani utando mwembamba wa mafuta uliofunika mwili wake, na kila koloni lina mchanganyiko wake. Mgeni ana njia chache. Anaweza kutengeneza harufu inayofanana na ya wenyeji, kuiazima kwa kujisuguasugua kwao, au kuwa na harufu hafifu kiasi cha kutotiliwa maanani. Harufu ya kuazima ina kasoro yake: baadhi ya wadudu hawa walipotengwa na koloni kwa siku kadhaa ilipungua, na waliporudishwa walishambuliwa zaidi. Wengine hawajisumbui na harufu peke yake. Mbawakawa wa jenasi Paussus, ambao Afrika inao wengi, hutoa majimaji ambayo sisimizi huyalamba, na huku nyuma wanawala mabuu wao. Wale wa familia ya Histeridae wana gamba gumu la mviringo na miguu inayokunjika ikalala chini ya mwili, hivyo meno ya sisimizi hayapati pa kushika.

Kwa siafu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hawakai. Siafu wa jenasi Eciton, wa Amerika ya Kati na Kusini, hawachimbi nyumba. Hushikamana miguu kwa miguu na kujenga kambi kwa miili yao wenyewe, malkia na watoto wakiwa katikati. Kikifika kipindi cha kuhamahama, kambi huvunjwa usiku na msafara ukaondoka. Mdowezi anayechelewa huachwa. Ndiyo maana wengine hutembea pamoja na msafara kwa kufuata harufu ya njia, na wengine hudandia.

Mdandiaji wa ajabu kuliko wote, kwa maoni yetu, ni Nymphister kronaueri, mbawakawa wa familia ya Histeridae aliyeelezwa kisayansi mwaka 2017 na watafiti Christoph von Beeren na Alexey Tishechkin. Alipatikana katika kituo cha utafiti cha La Selva, Kosta Rika, kwenye misafara ya usiku ya Eciton mexicanum. Ana urefu wa takriban milimita 1.5. Siafu hawa wana kiuno chenye pingili mbili, na yeye huuma kwa taya zake katikati ya pingili hizo, kisha anabebwa. Ukimulika kwa taa ya kichwani unaona siafu mwenye matumbo mawili: la juu ni mbawakawa, rangi na umbo vikifanana na tumbo halisi lililo chini yake. Kujifananisha huko si lazima kuwe kwa ajili ya kumdanganya siafu, ambaye macho yake ni dhaifu sana. Huenda kunamficha kwa wanyama wanaowinda kwa kuona.

Mdudu aliyeelezwa hivyo huitwa "spishi mpya", lakini hiyo haina maana kwamba amezuka juzi. Maana yake ni kwamba mtu amemlinganisha na vielelezo vya makumbusho, akaonyesha tofauti za mwili (siku hizi mara nyingi na za DNA pia), akateua kielelezo kimoja kubeba jina, kisha akalichapisha. Neno "kronaueri" linamtaja mtafiti wa siafu Daniel Kronauer. Irabu -i ya mwisho ni ya Kilatini, "wa Kronauer".

Kosa la kawaida katika kukusanya wadandiaji hawa hutokea porini, kabla ya maabara. Mkusanyaji akimimina siafu wote katika chupa moja ya alkoholi, mbawakawa huachia, na haijulikani tena alikuwa amemuuma siafu wa ukubwa gani, wala sehemu gani. Kila jozi ya siafu na mbawakawa wake iwekwe katika kichupa chake, na lebo ya tarehe, mahali na namba ya koloni iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka. Alkoholi iwe ya asilimia 95 hivi. Ile ya 70 huulainisha mwili ukawa rahisi kuupanga, lakini DNA huharibika upesi zaidi.