Jokofu la Chanjo Lisilo na Betri: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Bila betri, jua likizama chanjo zimeharibika."

Hofu hii naielewa, maana tumezoea kwamba sola ni paneli na betri. Lakini jokofu hili la sola haliweki akiba ya umeme, linaweka akiba ya ubaridi. Mchana paneli inaendesha kompresa, mashine inayozalisha ubaridi, moja kwa moja, na kompresa inagandisha maji yaliyofungiwa ndani ya kuta. Usiku barafu ile huyeyuka polepole. Joto linalopenya kutoka nje linamezwa na barafu kabla halijazifikia chanjo, ambazo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ili Shirika la Afya Duniani lilipitishe, lazima jokofu lihimili siku 3 au zaidi bila umeme wa jua.

"Basi wangeongeza betri, lingekuwa imara zaidi."

Betri ndiyo iliyoyaangusha majokofu ya sola ya miaka ya 1980 na 1990. Betri ya asidi hudumu miaka 3 hadi 5, na kwenye joto hufa mapema. Ikifa, zahanati haina bajeti ya nyingine, na jokofu la bei kubwa linageuka kabati la kuwekea mafaili. Kwa ajili hiyo, mwaka 2001 UNICEF, Shirika la Afya Duniani, shirika la mazingira la Greenpeace na wenzao walianzisha mradi wa SolarChill, kutafuta jokofu la chanjo lisilotegemea betri wala gesi zinazoharibu tabaka la ozoni.

"Likigandisha sana ndiyo vizuri, chanjo hupenda baridi."

Hapa ndipo ninapoomba tutulie, kwa sababu madhara yake hayaonekani kwa macho. Chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja), ya pepopunda, ya homa ya ini B na ya HPV (virusi vya saratani ya mlango wa kizazi) zina chumvi za alumini. Zikiganda, chembe za chumvi hizo hushikana, nguvu ya chanjo hupungua, na kuiyeyusha hakuirudishi. Kile kiduara cha kwenye kichupa kinachobadilika rangi hupima joto tu. Chanjo iliyoganda inaweza kuonekana nzima kabisa. Mhudumu akiwa na shaka huchukua kichupa hicho na kingine cha aina ileile alichokigandisha makusudi, anavitikisa pamoja, anavisimamisha mezani na kutazama. Chembe za kile chenye shaka zikituama chini haraka sawa na za kile kilichogandishwa, kinatupwa.

Kwa hiyo kazi ngumu ya mbunifu ni kuwa na barafu nyingi jirani na chanjo bila kuzigandisha. Sure Chill, kampuni ya Wales, iliegemea tabia ya maji yenyewe: maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa nyuzi 4. Barafu hubaki juu, maji ya nyuzi 4 hushuka na kuzizunguka chanjo. Kwangu mimi, huo ni ubunifu wa hali ya juu.

"Kwetu joto ni kali, sola itafanya kazi zaidi."

Paneli inataka mwanga. Ikipata joto sana, umeme wake hupungua.

Adui mkubwa zaidi ni kivuli. Kabla ya kufunga, tazama kivuli cha mwembe asubuhi na jioni, na ukumbuke kwamba mti unakua. Tanzania, kusini mwa ikweta, paneli ielekee kaskazini, na iinamishwe angalau nyuzi 10 ili mvua iisafishe vumbi.